Ruta ya Bibi wa Ganze

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, kwa muda mrefu niliwajibu kwamba mimi ni dereva. Barua ya ajira ilisema fundi wa mtandao, lakini kazi yenyewe ilikuwa barabara. Kampuni yetu ina kliniki ndogo ndogo kuanzia Malindi hadi Mtwapa, na kila kliniki ilikuwa na ruta yake, kile kisanduku chenye vitaa vya kijani kinachoamua habari za kompyuta zipite njia gani na zipi zitangulie. Kila ruta ilikuwa na akili zake. Nikitaka kubadilisha jambo dogo tu, nilianza Malindi, nikapita Dabaso, nikaingia Kilifi, nikapanda Ganze kwenye vumbi, nikamalizia Mtwapa makao makuu, na kabla sijatua mkoba Malindi wamekwisha kuharibu.

Malindi waliharibu kwa adabu. Meneja wa pale, mzee wa mjini mwenye kofia safi na harufu ya udi, aliiweka ruta mezani pake mbele ya wageni na kuifunika kitambaa alichofuma mkewe, chenye mawaridi pembeni. Ruta ikakosa hewa, ikapata joto, ikazimika. Nilimweleza mara nyingi kwamba chombo kile kinahitaji kupumua. Alinijibu kwamba kitu cha thamani hakiachwi uchi.

Ndiyo maana niliposikia habari ya mtandao unaoongozwa kwa programu, niliupenda kama mgonjwa wa jino aliyeambiwa dawa imepatikana. Maelezo yake si magumu. Unaziondolea ruta zote akili zao, unaziachia miguu tu, ya kubebea. Akili yote unaiweka kwenye programu moja, kidhibiti, inayokaa kwenye kompyuta moja kule Mtwapa. Unakiambia kidhibiti unataka nini, nacho kinaziamuru ruta zote kwa mpigo mmoja. Hakuna tena kupanda Ganze kubonyeza kitufe.

Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa Ganze. Kliniki ya Ganze ina mashine ya eksirei, ila haina daktari wa kuzisoma picha. Picha hutumwa Mtwapa, daktari akazisoma na kujibu. Laini ya Ganze hurukia mnara wa Kilifi, na kutoka hapo inachangia njia moja nyembamba na Kilifi, Malindi na Mtwapa yenyewe. Picha ya kifua iliyotumwa asubuhi ilifika watu wakitoka kuswali alasiri. Mkurugenzi akatangaza kwamba hali ikibaki hivyo mpaka mwisho wa mwaka, ataifunga kliniki ya Ganze na wagonjwa wake waende Kilifi. Kwa mtu wa ofisini, kwenda Kilifi ni maneno mawili. Kwa mtu wa Ganze aliyevunjika mguu, kwanza ni kufika barabarani.

Msimamizi wa kliniki ile, tabibu mwanamke aliyezaliwa palepale Ganze, alinipigia simu akaniuliza kama hicho kitu changu kipya kinaweza kuiokoa kliniki yake. Nilimwambia kinaweza. Nilisema kwa uhakika mkubwa, kwa sababu nilikuwa nimewasahau mameneja.

Mkurugenzi aliitisha mkutano Dabaso, kwenye mgahawa ulio juu ya mikoko, ili nimweleze kila mtu vizuri. Mkurugenzi wetu ni kijana. Kampuni aliirithi kwa marehemu baba yake, na wale mameneja wawili wakongwe, wa Malindi na wa Kilifi, walimjua akivalishwa nepi. Meneja wa Kilifi ni mama wa kutoka bara aliyeletwa pwani na kazi akagoma kurudi, na mkutano ukianza humtengeneza mkurugenzi kola ya shati. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaamuru. Unaweza kuwaomba tu.

Nilianza na michoro. Meneja wa Malindi akauliza, kwa upole, kwa nini anaondolewa akili mbele za watu. Nikasema si yeye, ni ruta. Akasema ruta iko mezani pake. Meneja wa Kilifi akataka kujua hicho kidhibiti kikiugua nani atakikaimu, swali ambalo lilikuwa zuri kuliko alivyojua, lakini kabla sijalijibu akaanza kupendekeza majina. Niliona sambusa za kaa zinapoa na macho ya watu yamehamia kwenye maji. Nikaiacha michoro, nikakimbilia harusi, jambo ambalo kila mtu wa pwani analielewa.

Nikawaambia wafikirie shughuli ambayo kila mpakuzi anaamua mwenyewe sinia lake lifike wapi. Kuna watakaokula mara mbili, na kuna watakaorudi nyumbani na njaa. Sasa wafikirie jikoni yupo msimamizi mmoja. Wapakuzi hawaamui chochote, wanabeba tu. Yeye ndiye anayesema sinia hili liende kule, lile lingoje kwanza. Nikasema, huyo ndiye kidhibiti.

Nyuso zikakunjuka. Wameelewa, nami nikajiona mwalimu. Meneja wa Malindi akafuta vidole vyake kimoja kimoja, kisha akauliza swali lililoniharibia mwaka.

"Na sinia la kwanza huenda kwa nani?"

Nikamwambia huenda kwa yeyote tutakayemchagua, na huo ndio uzuri wake. Nilikuwa naelekea kusema tumchague mgonjwa aliye hoi. Sikuwahi kufika.

"Basi hapo hapana mjadala," alisema. "Sinia la kwanza ni la wazee."

Meza nzima ikaitikia. Meneja wa Kilifi, ambaye hakubaliani na Malindi hata juu ya siku ya Ijumaa, aliongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimtazama mkurugenzi, naye akazitazama sambusa. Tabibu wa Ganze aliinua mkono, na kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote pale mezani, hakupewa nafasi. Likapitishwa kwamba katika mtandao mpya habari za kila kliniki zitapita kwa kufuata umri wa mtu ambaye ruta imeandikishwa kwa jina lake. Mkubwa atangulie, mdogo asubiri.

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nilisema kompyuta haijui shikamoo. Mkurugenzi akanivuta pembeni, akaniomba niifundishe.

Na balaa ni kwamba iliwezekana. Ruta za zamani zingekataa kwa ujinga wao. Kidhibiti kilikubali kwa akili yake, maana kazi yake ni kutii, na hakiulizi anayekiamuru kama ana kichaa.

Siku ya kuandikisha umri nilijionea mambo. Meneja wa Malindi, kwa hesabu ya kampuni, alikuwa bado hajafikia umri wa kustaafu, na alikuwa bado hajaufikia kwa miaka kadhaa mfululizo. Siku hiyo aliingia akatangaza kwamba, kwa kauli ya marehemu mama yake, ni mtu mzima zaidi ya tunavyomdhania. Mkurugenzi akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba kwa umri huo angekuwa nyumbani zamani. Mzee akamwambia huo ni umri wa mtandao, wa kazini uko palepale. Meneja wa Kilifi alikuwa na shida ya upande wa pili. Kwa miaka mingi alikuwa hajavuka arubaini na tisa, hata kanisani kwao. Alikaa akipima ujana na intaneti. Ujana ukashinda, akaangukia nafasi ya pili, na akanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha kuzaliwa. Mkurugenzi, mwenye ruta ya Mtwapa, akaja nyuma yao, na Ganze ikawa ya mwisho.

Mtandao ukafanya kazi sawasawa na ulivyoagizwa. Meneja wa Malindi alikuwa anamwoza mjukuu, na kila asubuhi aliwatumia jamaa wa Lamu na wa Maskati video za matayarisho, ndefu, zenye ngoma nzima bila kukatwa. Mkurugenzi alikuwa katikati ya mazungumzo ya video na wafadhili pale picha yake ilipoganda. Wafadhili walimwona amekodoa macho, mdomo wazi, mkono hewani, na alikaa vile mpaka bibi harusi alipomaliza kupakwa hina.

Hilo nililicheka. Lililofuata sikulicheka. Kule Ganze mchoma mkaa mmoja aliangukiwa na gogo mguuni. Tabibu akapiga picha, akaituma, akaufunga mguu kwa vibao, akangoja. Picha ilikuwa nyuma ya hina. Ilipofika Mtwapa, yule mtu alikuwa tayari yuko juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya mpwa wake na dereva, anapelekwa Kilifi akipiga kelele kila shimo. Nikaikumbuka ile methali ya Dabaso. Guu lilivunjika kweli, ila la mtu ambaye hapana mkuu aliyewahi kumwambia neno.

Mkurugenzi akaliandika kosa hilo kwa Ganze. Nilimwendea nikamwambia kosa si la Ganze, ni la foleni, na foleni tumeipanga sisi. Akaniuliza atawaambia nini wale wazee. Nilimdharau siku ile, nasema kweli. Ningeweza kubadilisha foleni kwa siri, kwani kidhibiti kilikuwa mikononi mwangu, lakini kidhibiti huonyesha foleni nzima kwenye skrini, na meneja wa Malindi alikuwa amedai skrini hiyo itundikwe ukutani ofisini kwake, jina lake likiwa juu. Wageni walionyeshwa kabla ya kuletewa kahawa. Ningegusa chochote, angenipigia simu kabla sijafunga kompyuta.

Tabibu wa Ganze ndiye aliyenipigia. Hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: sheria inataja umri wa meneja, au umri wa mtu aliyeandikishiwa ruta? Nikamwambia inasema aliyeandikishiwa ruta, ila kila mtu alichukulia kwamba ni yule yule. Akanishukuru, akakata simu.

Mkutano uliofuata ulikuwa Kilifi. Mgeni njoo mwenyeji apone, tabibu akaingia na bibi yake. Alikuwa kikongwe mdogo wa umbo, kanga mbili, tumbaku ndani ya mdomo wa chini, anatembea taratibu kama mtu ambaye hapana anayeweza kumharakisha. Ukumbi mzima ukasimama. Meneja wa Malindi akasimama wa kwanza, akatoa shikamoo, bibi akaitikia marahaba na kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu naye, ambacho kilikuwa cha meneja wa Malindi.

Tabibu akasema kwamba kuanzia leo ruta ya Ganze inaandikishwa kwa jina la hawe, ndivyo wanavyomwita nyanya kwao. Meneja wa Kilifi akapinga kwamba bibi si mwajiriwa. Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasema kitu cha maana, kwamba sheria haikutaja ajira. Ikabaki habari ya umri. Bibi hakujua alizaliwa mwaka gani. Alijua tu kwamba alikuwa amekwisha kuolewa ulipokuja ukame uliowafanya wakwe zake wauze ng'ombe wote. Kisha akamuuliza meneja wa Malindi mama yake alikuwa nani. Alipotajiwa, akasema aah, yule alimjua akitambaa, enzi yeye bibi alipokuwa akipeleka kuku Malindi kuuza.

Kidhibiti hakijui ukame, kinataka namba, na kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu. Tulijikuta sote tunamtazama meneja wa Malindi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anateremshwa. Naye alikuwa anamtazama bibi, ambaye alikuwa anatafuta pa kutemea tumbaku.

"Weka mia," aliniambia. "Na usiniulize tena."

Nikaweka mia.

Kuanzia siku ile picha za Ganze zilifika Mtwapa kabla tabibu hajavua glavu. Ningependa kusema mambo yalitulia hapo, lakini hawa ni watu wetu. Meneja wa Malindi aliona ni utovu wa adabu kupitisha video zake na mkubwa yupo mbele hajaombwa ruhusa. Kila asubuhi akaanza kupiga simu Ganze. Tabibu alimpelekea bibi simu jikoni, mzee akatoa shikamoo, akauliza hali ya mbuzi na hali ya magoti, kisha akaomba apite. Bibi akasema pita, mwanangu. Ndipo mzee alipotuma video. Kidhibiti hakikuhitaji hata neno moja katika hayo yote. Nilieleza, nikaeleza tena, nikachoka.

Meneja wa Kilifi naye akaanza kupiga, asije akaonekana hakulelewa. Alikuja kunilalamikia kwamba bibi humuuliza ana wajukuu wangapi, na akisema hana, bibi humpa pole na kumwombea. Mkurugenzi hakusalimika. Siku moja alikuwa na haraka, akaomba kupita kabla ya kusalimu, na bibi akamwambia angoje. Mkurugenzi wa kampuni nzima, na wafadhili wako hewani, aliahirisha mkutano kwa sababu bibi mmoja wa Ganze alisema angoje. Nilimwambia waziwazi kwamba bibi hana uwezo wa kumzuia, angeweza kubonyeza tu. Alinitazama kama niliyemshauri amvue mtu nguo. Wafadhili wakaambiwa kuna tatizo la kiufundi.

Bibi mwenyewe alidhani ruta ni mnyama. Alimwagiza mjukuu wake aiweke kivulini, akauliza inakula nini, na alipopelekwa kliniki kuiona akasema imekonda. Nilimpenda sana. Nikienda Ganze, na nilikuwa nakwenda bila kazi yoyote sasa, nilimchukulia tumbaku na sukari, naye akaniuliza kama wale watoto wa Malindi na Kilifi wanapita salama.

Alifariki mvua za vuli zilipokataa kunyesha, mwisho wa mwaka ukiwa umekaribia. Tabibu alinipigia akaniambia kwa sauti ya kawaida, kisha akaniuliza kama nitakuja na kompyuta. Nilielewa anachouliza. Kwetu kazini mtu akiondoka, kwa kufukuzwa au kwa kufa, jina lake huondolewa kwenye mitambo kabla ya siku kuisha. Ruta ya Ganze ingerudi kwa jina la tabibu. Ingerudi nyuma ya foleni, na mkurugenzi alikuwa bado hajaamua kama ataifunga kliniki.

Tulikwenda sote. Uwanja ulijaa watu na turubai lilikuwa dogo, kwa hiyo wengi tulisimama juani. Baada ya kuzika kililetwa kidumu cha pombe ya mnazi, na mzee mmoja wa ukoo akachukua kata, akamimina kidogo chini karibu na kaburi kabla ya mtu yeyote kuonja, akizungumza na walio chini kwamba chao ni hiki, wao kwanza. Meneja wa Malindi hagusi mnazi. Alikuwa amesimama pembeni na soda yake, akitazama ule unyevu unavyozama kwenye vumbi.

Nilirudi garini, nikaacha mlango wazi, nikafungua kompyuta mapajani. Jina la bibi lilikuwa juu kabisa, na mbele yake ile mia. Nililia. Nilimlilia bibi, na nikalilia picha zitakazokaa njiani kuanzia kesho.

Nikaona kanzu ya meneja wa Malindi mlangoni. Nilijua anachotaka, na alikuwa na haki yake. Bibi akitoka, wa kwanza ni yeye.

"Umemtoa?" akauliza.

"Bado, baba. Lakini ndiyo sheria. Aliyefariki huondolewa."

Alikunja kanzu kidogo isiguse tairi.

"Hebu nieleze, mwanangu, wewe uliyesoma. Mtu akifa, umri wake hupungua?"

Nikasema haupungui.

"Basi muache mahali pake."

Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, amesikia. Alianza kusema habari ya taratibu za kampuni, na meneja wa Kilifi, ambaye sikumwona akija, akamwambia asizungumze habari za kazi kwenye msiba. Mkurugenzi akatutazama mmoja mmoja. Akaniuliza kama picha zitaendelea kufika. Nikamwambia zitafika maadamu jina lile lipo pale. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi Ganze ibaki, na akaenda kupanga foleni ya kunawa mikono.

Tulikuwa tunapakuliwa wali simu ya tabibu ilipolia. Nesi aliyeachwa zamu alikuwa ametuma picha ya kifua cha mtoto, na daktari wa Mtwapa amekwisha kujibu: pafu la kulia lina maji, aanzishwe dawa sasa hivi. Tabibu alisoma mara mbili, akaniachia sahani yake, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Nikamwambia apande gari. Akapanda, na udongo wa kaburi ukiwa bado miguuni mwake.